Laini ya simu iliyoingia nyumbani kwako ni ya nani, na kwa nini bei ya intaneti haishuki?

#1 ShabaMbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi una urefu kidogo, mwenye haraka aruke.

Nimehamia nyumba ya kupanga. Nyuma ya mlango wa sebule kuna soketi ya simu ya mezani imebanwa ukutani kwa skrubu mbili, moja imeota kutu. Nikachomeka simu yangu ya zamani, nikasikia mlio. Laini ipo na iko hai. Nikatafuta kampuni ndogo yenye kifurushi nafuu cha intaneti, nikajaza fomu. Siku ya tatu wakanijibu kwamba laini ile bado iko kwa jina la mpangaji aliyetangulia, na wao hawawezi kuigusa mpaka mwenye waya aiachie.

Nikampigia mwenye waya, yaani ile kampuni kubwa ya taifa. Dada wa huduma kwa wateja akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, wewe si mteja wetu, laini hiyo siwezi kuizungumza na wewe." Kwa hiyo kampuni ndogo inasema laini si yao, kampuni kubwa inasema si yangu, na mwenye nyumba anasema yeye alijenga kuta tu, mambo ya waya tusimuulize.

Sasa sikilizeni. Kesho yake napigiwa simu na muuzaji wa kampuni ileile kubwa. Ana ofa. Nikichukua kifurushi chao, laini itafunguliwa asubuhi inayofuata, bila maswali ya mpangaji wala nini. Na bei yake imeizidi ya kampuni ndogo kwa kiasi cha kuchekesha.

Maswali yangu ni haya. Waya huu ni wa nani hasa? Muuzaji alijuaje kwamba natafuta intaneti? Na inakuwaje kampuni tano zinatangaza "ushindani", halafu bei zote zinasimama zimebanana kama abiria?

#2 Naweka Kambi

Nimekaa. Leteni wataalamu.

#3 FundiNguzo

Mdogo wangu, nimepanda nguzo miaka 26, sasa magoti yamegoma nimeshushwa ofisini. Hilo swali la kwanza niachie mimi.

Hiyo soketi, fuata waya wake. Unatoka nje unapanda hadi kwenye kisanduku kidogo juu ya nguzo. Hapo wewe na majirani zako mnakusanywa kwenye kebo moja, mnashuka chini ya ardhi mpaka kwenye kabati la chuma lililosimama kando ya barabara. Kutoka kabatini, kebo nene yenye mamia ya jozi inakwenda kituo cha simu, inaishia kwenye fremu kubwa ya chuma iliyojaa vipachiko kuanzia sakafuni mpaka darini. Njia yote hiyo wewe una jozi yako peke yako: nyuzi mbili za shaba, kila moja nyembamba kama nusu milimita, zimesokotwa pamoja ili makelele ya jozi jirani yasiingie. Hakuna mwingine anayeitumia. Ni yako kwa matumizi, lakini kwa hati ni ya kampuni.

Mpaka wa umiliki kwa kawaida ni hiyo soketi kuu. Waya uliotandaza ndani ya nyumba kutoka hapo kwenda chumbani ni shauri lako. Kutoka hapo kwenda nje ni mali ya mwenye mtandao, hata kama uko ndani ya ukuta wako na panya wako ndio wanaoula.

Sasa nikwambie siri ya kazi. Kumhamisha mteja kutoka kampuni moja kwenda nyingine pale kituoni ni kutoa kipande cha waya cha rangi mbili kwenye kipachiko kimoja na kukipeleka kingine. Fundi anayejua namba ya jozi anamaliza kabla chai yake haijapoa. Siku zote unazosubiri ni za makaratasi, si za waya.

#4 ShabaMbili

Mzee wangu, kumbe nasubiri kipande cha waya!

#5 Hesabu Kavu

Mimi nitashika swali la bei, maana watu hulizungusha bure.

Chukua namba tupu, usiweke sarafu. Mwenye waya anaziuzia kampuni ndogo laini kwa 80. Yeye mwenyewe, kupitia duka lake, anamuuzia mteja wa nyumbani kifurushi kizima kwa 90. Kampuni ndogo imebaki na 10. Katika hiyo 10 ilipie modemu, umeme wa mitambo, watu wa kupokea simu, njia ya kwenda nje ya nchi, na wateja wasiolipa. Kama mambo hayo yote yanagharimu 15, kila mteja mpya anawaongezea hasara ya 5. Duka la mwenye waya nalo lina hasara ileile kwenye makaratasi, ila halijali, kwa sababu ile 80 inatoka mfuko wa kulia wa bwana mkubwa na kuingia wa kushoto.

Ndiyo maana bei zinabanana. Kampuni tano zinashindania zile 10 za juu. Zile 80 hakuna anayezishindania.

Wanasheria wa ushindani wana kipimo rahisi sana cha kunasa mchezo huu: je, duka la mwenye waya lingeweza kuishi kama nalo lingelipa 80 zilezile wanazolipa wengine? Kama jibu ni hapana, faida inabanwa makusudi.

Na wamenaswa wakubwa. Mei 2003 Tume ya Ulaya iliitoza Deutsche Telekom faini ya yuro milioni 12.6. Mpaka mwisho wa 2001, kampuni pinzani Ujerumani zilikuwa zinalipa zaidi kwa laini tupu ya jumla kuliko mteja wa nyumbani alivyolipa dukani kwa laini hiyohiyo! Yaani jumla ghali kuliko rejareja. Kampuni ikajitetea kwamba bei zilipitishwa na mdhibiti. Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaumaliza ubishi Oktoba 2010: mlikuwa na nafasi ya kurekebisha bei zenu, hamkuitumia. Julai 2007 ikawa zamu ya Telefónica ya Hispania, karibu yuro milioni 152, kwa mchezo huohuo kwenye intaneti ya kasi tangu 2001 hadi 2006. Afrika Kusini, Agosti 2012, Baraza la Ushindani likaipiga kampuni ya simu ya Telkom faini ya randi milioni 449 kwa jinsi ilivyowabana washindani wake kati ya 1999 na 2004.

Angalia hizo tarehe lakini. Makosa ya 1999, hukumu 2012. Mshindani gani mdogo anasubiri miaka 13 akiwa hai?

#6 Mtaji Haulali

Naomba niwe mtu mbaya wa uzi huu.

Mnazungumza kama waya ulishuka kutoka mbinguni. Kuna mtu alichimba mtaro, akanunua shaba, akasimamisha nguzo, na leo ikianguka usiku wa mvua ni gari lake linalotoka. Halafu anakuja kijana na ofisi ya vyumba viwili na tangazo la kupendeza, anataka apewe waya huo kwa bei anayoitaka yeye. Ukimlazimisha mwenye waya auze kwa bei ya chini, kesho hataweka faiba. Kwa nini aweke, wakati anajua siku ya pili mtamwambia agawe?

Marekani walilijaribu. Sheria ya mawasiliano ya 1996 iliwalazimisha wenye waya kuwafungulia wengine. Mwaka 2003 mdhibiti wao, FCC, akaanza kulegeza, Agosti 2005 akawaondolea kabisa wajibu wa kuwauzia wengine njia ya ADSL, yaani intaneti ya kasi inayopita kwenye waya wa simu. Na Februari 2009 Mahakama Kuu yao ikasema katika kesi ya linkLine kwamba kampuni ambayo sheria ya ushindani haiilazimishi kuuza kwa jumla haiwezi kushtakiwa chini ya sheria hiyo kwa kubana faida. Hiyo kesi ya Hesabu Kavu, kule ingetupwa nje.

#7 BintiNyaraka

Mtaji Haulali kaka yangu, umesema vizuri, ila umesahau kuuliza mtaro ulichimbwa kwa hela za nani.

Sehemu nyingi za dunia waya ule uliwekwa na idara ya serikali ya posta na simu, enzi ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa. Mteja hakuwa na pa kwenda, na alilipa anachoambiwa. Baadaye idara ikageuzwa kampuni, hisa zikauzwa. Uingereza waliuza asilimia 50.2 ya British Telecom Novemba 1984. New Zealand waliiuza Telecom yao mwaka 1990 kwa dola za kwao bilioni 4.25. Mnunuzi alinunua nini hasa? Majengo na magari, ndiyo. Lakini kubwa alilonunua ni ile jozi inayoingia kila nyumba, ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu atachimba ya pili kando yake.

Na kuna nchi ambako mteja aliulipia waya waziwazi. Japani, ili upate laini ulilipa kampuni ya simu ya NTT mchango wa ujenzi, yeni 72,000. Ulipata haki ya laini, na haki hiyo ilikuwa mali kamili: unaiuza, unairithisha, kuna hata sheria ya 1958 iliyoruhusu kuiweka rehani. Watu waliihesabu kama akiba. Machi 2005 NTT wakashusha mchango ukawa 36,000, na akiba ya watu ikayeyuka nusu kwa tangazo. Brazil nako, kabla Telebrás, kampuni ya simu ya serikali, haijabinafsishwa Julai 1998, mtu aliyenunua laini kupitia mpango wa upanuzi alipewa na hisa za kampuni. Laini ziliuzwa kwa magazeti, zilikodishwa kama vyumba, ziliandikwa kwenye fomu za kodi ya mapato pamoja na gari na kiwanja.

Kwa hiyo nikiambiwa "yeye ndiye aliyejenga" huwa nauliza: yupi kati ya wote waliolipa?

#8 Mtaji Haulali

Haya, hapo umenibana dada. Lakini faiba mpya je? Hiyo hakuna aliyeichangia.

#9 BintiNyaraka

Faiba nitamwachia mzee, najua atakuja. Ila hoja ya kwamba ukilazimisha kugawana hakuna anayewekeza, angalia Ufaransa. Waya wa France Télécom, kampuni kubwa ya simu ya huko, ulifunguliwa, na mwaka 2002 kampuni changa ya Free ikaanza kuuza ADSL kwa yuro 29.99 kwa mwezi. Baadaye wakaweka simu na televisheni humohumo kwenye kisanduku kimoja, bei ileile. Wengine wote wakalazimika kushuka kuwafuata. Japani baada ya NTT kulazimishwa kufungua shaba yake, SoftBank iliingia 2001 na Yahoo! BB, wakawa wanagawa modemu mitaani kwenye mifuko ya karatasi kama watu wa kampeni. Hapo ndipo bei ya Japani ilipovunjika. Hao wote walianza na waya wa mtu mwingine, wakapata wateja, na Free wakaenda kuweka faiba yao.

#10 Kisebusebu

Natoka nje ya mada kidogo, msinipige. Mnajua kuna wakati hata simu yenyewe haikuwa yako? Marekani, AT&T walikuwa wanamiliki kuanzia kituoni hadi kifaa ulichoshika sikioni, unakodisha tu. Kulikuwa na kampuni inauza kikopo cha kuvisha mdomo wa simu ili jirani asisikie unachosema, kinaitwa Hush-A-Phone. Kikopo tu, hakina waya wala nini. AT&T wakakipinga kwamba kinaharibu mtandao! Kesi ikaenda mpaka mahakama ya rufaa, 1956 kikopo kikashinda. Mwaka 1968 ndipo FCC, katika uamuzi wa Carterfone, ikakubali mteja achomeke kifaa chake mradi hakidhuru mtandao. Bila hapo, modemu ungekodi kwao mpaka leo.

#11 FundiNguzo

Kisebusebu wewe. Kikopo!

#12 ShabaMbili

Nacheka peke yangu hapa. Lakini kuna kitu kwenye ofa ya yule muuzaji sikukielewa. Bei ya intaneti ni moja, halafu chini kwa maandishi madogo kuna "ada ya laini" ya kila mwezi. Mimi simu ya mezani sitaitumia kabisa. Kwa nini nilipie sauti nisiyosema?

#13 Hesabu Kavu

Kwa sababu ada ya laini ndiyo nyama, sauti ilikuwa mchuzi tu.

Zamani gharama ya waya ilifichwa ndani ya huduma ya simu. ADSL ilipokuja ikapanda juu ya waya uleule: sauti inakaa masafa ya chini, data inakaa ya juu, na kile kichujio kidogo unachochomeka ukutani ndicho kinachozitenganisha. Kwa hiyo data ilionekana kama abiria wa ziada, mwenye nauli ndogo. Watu walipoacha kupiga simu za mezani, gharama ya waya haikuondoka, ila mwenye waya akagundua raha ya kuwa na bei mbili. Moja ya kutangaza, inashuka kila mwaka. Nyingine ya kulipisha, inapanda kimyakimya.

Uingereza mchezo ulifika mahali mamlaka ya matangazo ikalazimisha kuanzia mwisho wa Oktoba 2016 bei ya intaneti itangazwe pamoja na ada ya laini, namba moja. Mwaka uliofuata mdhibiti wao Ofcom akawabana British Telecom (BT) wakubali kuwapunguzia pauni 7 kwa mwezi wateja wenye simu ya mezani peke yake, ambao wengi walikuwa wazee waliokaa na kampuni hiyohiyo tangu ujana wao. Punguzo likaanza Aprili 2018. Fikiria: pauni 7 zilikuwepo za kupunguza, na hazikupunguzwa mpaka mtu akagonga meza.

Unachotaka wewe kinaitwa laini uchi, data bila sauti. Marekani AT&T walipotaka kuinunua kampuni nyingine ya simu, BellSouth, mwisho wa 2006, walikubali sharti la kuuza ADSL ya namna hiyo kwa dola 19.95 kwa miezi 30. Ikawa kama kuuza sukari bila chai, hawakuitangaza kwa nguvu. Muulize yule muuzaji kama wanayo, usikilize kikohozi chake.

#14 Njia Panda

Jamani shaba si inakufa? Orange Ufaransa, ile France Télécom ya zamani, wamesema wanazima yote ifikapo 2030. Kwa nini tunagombania maiti?

#15 FundiNguzo

Nilijua nitaitwa.

Kijana, maiti imeacha urithi, na urithi ndio unaogombaniwa. Ukizima shaba bado kuna mfereji chini ya ardhi, bado kuna nguzo, bado kuna haki ya kupita kwenye kiwanja cha fulani. Kwenye kuweka faiba, gharama kubwa ni kuchimba. Uzi wenyewe wa faiba, ambao ni kioo, ni rahisi. Mwenye mfereji anapitisha faiba mpya kwa kuivuta tu ndani ya bomba la zamani. Asiye na mfereji anaanza kuomba vibali vya kukata lami. Ndiyo maana wadhibiti wenye akili wameacha kubishania nyuzi za shaba, wanalazimisha mifereji na nguzo zifunguliwe kwa wote.

Na ufundi wenyewe umegeuka upande wa mwenye mali. Shaba niliyowaelezea, kila nyumba na jozi yake, unaweza kuichomoa jozi moja ukampa kampuni nyingine. Halafu ikaja teknolojia ya kusukuma kasi kwenye shaba fupi kutoka kabatini, ambayo inafuta makelele kwa kuzisikiliza jozi zote kwa pamoja. Ili ifanye kazi vizuri, jozi zote za kabati zinatakiwa ziwe chini ya mtambo mmoja. Mtambo wa nani? Haya basi. Washindani waliokuwa wamefika kabatini wakaambiwa wapishe.

Faiba ndiyo kabisa. Mfumo uliotapakaa zaidi unatoa uzi mmoja kituoni, njiani kuna kigawanyio kidogo cha kioo kisicho na umeme, kinaupasua mwanga kwenda nyumba 32 au 64. Nimekishika mkononi, ni kidogo kuliko kiberiti. Ukiwa kituoni huwezi kumchomoa mteja mmoja ukampa jirani, maana uzi ule ni wa nyumba zote. Kwa hiyo mshindani hapewi tena waya. Anauziwa njia iliyokwisha kupimwa kasi, kwa masharti ya mwenye mtambo. Amekuwa mpangaji wa mpangaji.

#16 ShabaMbili

Mzee, hapo ndipo mimi naona jibu ni moja. Anayemiliki waya asiruhusiwe kuwa na duka. Basi.

#17 BintiNyaraka

Umegusa pale. Na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili, muuzaji alijuaje.

Alijua kwa sababu ombi la kampuni ndogo lilipita mezani kwa kampuni yake. Kila mshindani anapoomba laini, anamwambia mpinzani wake mkuu jina la mteja, anwani yake na siku anayohamia. Uingereza malalamiko ya namna hiyo na ya kucheleweshwa yalipozidi, Septemba 2005 BT wakaweka ahadi za kisheria kwa Ofcom, na Januari 2006 wakaanzisha Openreach: kitengo cha waya tu, kinachotakiwa kumhudumia kila muuzaji kwa bei moja, foleni moja na mfumo mmoja wa maombi, duka la BT likiwemo, na kisichoruhusiwa kupenyeza taarifa za wateja kwa duka hilo. Mwaka 2017 wakakubali kukifanya kampuni yenye bodi yake, ingawa mmiliki bado ni BT.

New Zealand walikwenda mbali zaidi. Serikali ilikuwa na hela za faiba, ikamwambia Telecom: ukitaka kushiriki, jigawe. Mwisho wa 2011 mtandao ukatoka ukawa Chorus, kampuni nyingine na wanahisa wake. Waliobaki na duka wakabadilisha jina mwaka 2014, wakawa Spark. Jamhuri ya Cheki walitenga waya 2015, ukaitwa CETIN. Italia, Julai 2024, Telecom Italia waliuza mtandao wao wa mezani kwa wawekezaji wakiongozwa na kampuni ya uwekezaji ya KKR, mauzo ya hadi yuro bilioni 22, maana madeni yalikuwa yamewafika shingoni.

#18 Mtaji Haulali

Narudi na ubaya wangu. Kutenga waya kunaondoa upendeleo, hilo nimekubali, hata mimi yule muuzaji kanikera. Lakini hakushushi ile 80.

Australia hawakutenga tu. Walianzisha kampuni ya serikali, NBN Co, mwaka 2009, ya jumla peke yake, haina duka. Telstra, wenye waya wa zamani, wakalipwa ili wateja wahamishwe na mifereji itumike, makubaliano ya 2010 yalikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 11 za kwao. Safi, hakuna upendeleo. Halafu NBN wakaweka tozo mbili: ya kila laini, na nyingine ya upana wa bomba la pamoja ambalo muuzaji anawanunulia wateja wake wote. Wauzaji wakafanya ambacho wewe na mimi tungefanya, wakanunua bomba jembamba. Mchana kasi nzuri. Saa mbili usiku, kila mtu amekaa kwenye filamu, picha inazunguka inazunguka. Mteja analipia faiba, anapata foleni. Ile tozo ya pili waliiondoa kwenye vifurushi vya kasi kubwa mwishoni mwa 2023.

Kwa hiyo ShabaMbili, usiulize tu nani anamiliki. Uliza pia anatoza kwa kipimo gani.

#19 Hesabu Kavu

Hapo nampa mkono. Na niongeze: kila mtu analia kasi ya megabiti ngapi, hakuna anayeuliza wanagawana wangapi. Enzi za ADSL ya jumla ya BT kulikuwa na daraja la nyumbani la watu 50 kwa bomba moja na la biashara la watu 20. Angalau iliandikwa. Siku hizi namba hiyo huioni kwenye tangazo lolote, unaiona saa mbili usiku.

#20 Naweka Kambi

Nimesoma yote. Nilidhani ruta yangu ndiyo mbovu.

#21 FundiNguzo

ShabaMbili, turudi kwenye shida yako, maana hawa watakukesha. Nadhani fomu yako ilijazwa vibaya. Kampuni ndogo wameomba *kuhamisha mteja*. Mfumo unatafuta jina lako kwenye laini, unamkuta mpangaji wa zamani, unakataa. Waambie waandike *kuchukua laini hai ya mkazi aliyehama*, watie na tarehe ya mkataba wako wa pango. Sehemu nyingi utaratibu huo upo. Mwenye waya anamwandikia mkazi wa zamani barua, anampa siku kadhaa za kupinga, akinyamaza laini inaachiwa. Na usikubali "laini mpya", watakutoza ujenzi wa kitu kilichopo ukutani.

Fungua kifuniko cha soketi taratibu. Ndani kunaweza kuwa na kibandiko au namba imeandikwa kwa kalamu. Hiyo wape. Ukiwa na namba ya jozi hawawezi kukwambia hawaioni.

#22 ShabaMbili

Nimefungua. Skrubu yenye kutu imenitoa jasho. Ndani vumbi, buibui mmoja mkavu, na namba nne kwa kalamu nyekundu. Nimewatumia picha.

#23 ShabaMbili

Marejesho, wakuu. Nimesubiri siku 12. Jana asubuhi taa ya modemu imetulia, sasa hivi nawaandikia kwa waya wangu, au waya wao, au wa nani sijui. Kampuni ni ileile ndogo. Ada ya laini imo, niliuliza ya laini uchi nikasikia hicho kikohozi.

Lakini kuna jipya. Jioni nimepigiwa na mtu nisiyemjua, mpangaji aliyetangulia. Alipata ile barua, akamwomba mwenye nyumba namba yangu. Nikajua amekuja kugomba. Kumbe ananishukuru. Tangu ahame miezi minne iliyopita, ada ya laini ilikuwa inakatwa kwenye akaunti yake kila mwezi, na kila akipiga simu kuifunga alikuwa anaambiwa asubiri fundi aje aangalie waya.

#24 FundiNguzo

Hakuna fundi aliyetumwa. Ningeiona karatasi.